Lini na vipi kuchukua mafao ya uzeeni ya Social Security: mwongozo kwa wanandoa wetu walioko Marekani

Ukikaribia miaka 62 hapa Marekani, umri wa mapema wa kuanza kuchukua Social Security, yaani mafao ya uzeeni ya serikali, swali utakaloulizwa msibani, harusini na nje ya kanisa au msikiti ni hilo hilo: "Wewe unachukua lini?" Kila mtu ana jibu, na karibu majibu yote yanamhesabu mtu mmoja: ataishi mpaka lini, atapata ngapi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mwenye kipato kikubwa katika nyumba anapochagua mwezi wa kuanza mafao, anachagua pia kiasi ambacho mwenzake atapokea akibaki peke yake. Kwetu sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki na Kongo kuna jambo la pili: mwenza huyo anaishi wapi. Mama aliyebaki Tabora au Kisumu hahesabiwi sawa na mama anayeishi Columbus, Ohio.

Viwango nitakavyotaja ni vya mwaka 2025, na vingi hupanda kila Januari. Asilimia za kupunguza na kuongeza ndizo hazibadiliki mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 1: Hesabu krediti zako

Mafao haya hupewi kwa sababu umezeekea Marekani. Unayapata kwa sababu mshahara wako ulikatwa kodi ya Social Security, asilimia 6.2 kutoka kwako na 6.2 kutoka kwa mwajiri. Makato hayo yanakupa krediti, zisizozidi nne kwa mwaka, na unahitaji 40, yaani kama miaka kumi ya kazi. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa mapato ya dola 1,810, hivyo dola 7,240 zilitosha kupata zote nne hata ukizipata ndani ya miezi miwili. Miaka si lazima ifuatane.

Fedha za kulipwa mkononi bila karatasi haziingii. Na nyinyi mnaoendesha Uber au lori kwa jina lenu wenyewe, mkibana faida kwenye fomu za kodi mpaka ikakaribia sifuri, mnaokoa kodi ya leo na mnakata pensheni ya kesho. Wanaowajazia fomu hizo mara nyingi hawalisemi hili.

Michango ya NSSF ya nyumbani haiunganishwi na krediti za huku, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa aina hiyo na nchi yoyote ya Afrika. Lakini kama ulifanya kazi kwanza Uingereza, Uswidi, Norwe, Denmark, Uholanzi au Kanada, mikataba ipo, na ukiwa na angalau krediti 6 za Marekani miaka ya kule inaweza kukusaidia kutimiza sharti. Habari nyingine njema: zamani mtu aliyekuwa na pensheni ya kazi isiyokatwa kodi hii, hata pensheni ya nchi ya nje, alipunguziwa mafao yake ya Marekani. Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025 ilifuta makato hayo, kuanzia mafao ya Januari 2024.

Fungua akaunti yako kwenye ssa.gov, tovuti ya ofisi ya Social Security, na usome mapato yako mwaka kwa mwaka. Tafuta miaka yenye sifuri uliyokuwa kazini. Kwetu kosa hili huletwa sana na majina: Mohamed na Mohammed, jina la baba kuwekwa mahali pa jina la ukoo. Fomu za W-2 za zamani, zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato ya mwaka, ndizo ushahidi, basi usizitupe.

Hatua ya 2: Jua tarehe yako, hasa kama ni 1 Januari

Umri kamili wa kustaafu ni miaka 67 kwa aliyezaliwa 1960 na kuendelea. Aliyezaliwa 1959 ni miaka 66 na miezi 10, wa 1958 ni 66 na miezi 8, wa 1957 ni 66 na miezi 6.

Waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wanafahamu jinsi tarehe za kuzaliwa zilivyoandikwa. Anayejua mwaka tu, au hata mwaka hana uhakika nao, aliandikiwa 1 Januari. Social Security inamchukulia mtu kuwa ametimiza umri siku moja kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenye 1 Januari anahesabiwa kwa kanuni za mwaka uliotangulia. Aliyeandikwa 1 Januari 1960 umri wake kamili ni miaka 66 na miezi 10, si 67. Miezi miwili hiyo ni fedha, na wengi hawajui kuwa ni yao.

Kama tarehe si ya kweli na una ushahidi, unaweza kuomba isahihishwe. Ushahidi wanaoupa uzito ni kumbukumbu ya serikali au ya dini iliyoandikwa kabla hujatimiza miaka mitano, mfano cheti cha ubatizo. Ombi hilo lianze mapema, miaka kadhaa kabla ya kuomba mafao, na kumbuka karatasi za uhamiaji nazo lazima zioane. Usitunge tarehe. Kutoa maelezo ya uongo kwa ofisi hii ni kosa la jinai.

Hatua ya 3: Pata kiasi chako cha msingi

Wanachukua miaka 35 ya mapato yako makubwa zaidi, wanayapandisha kulingana na jinsi mishahara ya nchi ilivyokua, kisha wanatafuta wastani wa mwezi. Ukiwa na miaka 20 tu ya kazi, miaka 15 inaingia kama sifuri. Hili linawatisha waliofika wakiwa na miaka 40 na kitu, lakini kanuni inawapendelea wenye wastani mdogo. Kwa aliyetimiza miaka 62 mwaka 2025, dola 1,226 za mwanzo za wastani huhesabiwa kwa asilimia 90, na zinazofuata mpaka 7,391 kwa asilimia 32.

Tuchukue mtu mwenye mapato ya dola 42,000 kwa mwaka baada ya kupandishwa. Akifanya kazi miaka kumi tu, kiasi chake cha msingi ni kama dola 900 kwa mwezi. Akifanya ishirini ni kama 1,351. Miaka mara mbili haikuleta fedha mara mbili. Hata hivyo baada ya hiyo ishirini kila mwaka mmoja unaoziba sifuri unamwongezea dola 32 hivi kwa mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, kwa hiyo mwenye afya na kazi inayovumilika asidharau mwaka mmoja zaidi.

Hatua ya 4: Pima 62, 67 na 70

Kiasi cha msingi ndicho unacholipwa ukianza kwenye umri kamili. Ukianza mapema kinapungua daima. Ukichelewa kinaongezeka asilimia 8 kwa mwaka mpaka miaka 70, na baada ya hapo hakuna nyongeza ya kusubiri. Kwa mwenye umri kamili wa 67, kuanza na 62 ni kupata asilimia 70, na kuanza na 70 ni asilimia 124.

Nitamtumia mzee mmoja wa mfano mpaka mwisho. Kiasi chake cha msingi ni dola 2,000. Akianza na 62 anapata 1,400, na 67 anapata 2,000, na 70 anapata 2,480. Tukiacha nyongeza za mfumuko wa bei, ambazo wote wanapewa, aliyeanza 67 anamfikia aliyeanza 62 kwa jumla ya fedha zote alizopokea akiwa na miaka 78 na miezi 8. Aliyeanza 70 anamfikia wa 67 akiwa na miaka 82 na nusu.

Watu huishia hapa. "Baba yangu alikufa na 74, mimi nachukua sasa." Kama mzee hana mke, au mke ana pensheni kubwa kuliko yake, sina ubishi. Mgonjwa sana asiye na mtu nyuma yake achukue, na aliyeishiwa nguvu za kubeba wagonjwa katika nyumba za wazee naye achukue, maana mgongo hausubiri umri kamili. Mwenye mke asome kwanza hatua mbili zinazofuata.

Wapo pia wanaokimbilia 62 kwa kuogopa mfuko kukauka. Taarifa ya mwaka 2025 ya wadhamini wa mfuko ilisema akiba ya mfuko wa wazee itaisha 2033, na kodi zinazoendelea kuingia zitatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Bunge likiacha hali ifike huko, hakuna kifungu kinachomkinga aliyeanza mapema. Atakatwa kama wengine, tena kwenye kiasi ambacho tayari ni kidogo.

Hatua ya 5: Mafao ya mwenza

Mke au mume anaweza kupata mpaka nusu ya kiasi cha msingi cha mwenzake hata kama hakufanya kazi hata siku moja. Mama aliyelea watoto nyumbani miaka yote ana haki yake hapa. Masharti ni matatu: awe na miaka 62, ndoa iwe na angalau mwaka mmoja, na mwenzake awe ameshaanza kuchukua mafao yake. Hilo la mwisho ndilo bei ya kusubiri: mzee akingoja 70, mama naye anangoja sehemu hii.

Nusu hiyo inatolewa kwenye kiasi cha msingi, si kwenye kile mzee anachopokea. Akisubiri mpaka 70 apate 2,480, nusu ya mama inabaki 1,000. Nayo haiongezeki baada ya umri kamili wa mama, kwa hiyo kusubiri zaidi ya hapo kwa ajili ya fao hili pekee ni kupoteza. Akiianza na 62 wakati umri wake kamili ni 67, anapata asilimia 32.5 badala ya 50.

Mama akiwa na krediti zake mwenyewe, hapewi yote mawili. Tuseme kiasi chake cha msingi ni 600. Analipwa 600 zake, kisha anajazwa 400 kufikia 1,000. Akiomba na 62, vyote vinapunguzwa, kila kimoja kwa kiwango chake: 420 na 260, jumla 680. Ile mbinu ya kuchukua fao la mwenza kwanza huku lako likikua ilifungwa na sheria ya 2015 kwa wote waliozaliwa tarehe 2 Januari 1954 na baadaye. Ukiomba moja, umehesabiwa kuomba yote unayostahili. Bado utasikia watu wakiishauri.

Walioachana: kama ndoa ilidumu miaka kumi kamili mpaka siku talaka ilipokamilika, na hujaolewa wala kuoa tena, unaweza kudai kwenye rekodi ya mwenza wa zamani ukiwa na 62. Ikiwa talaka ina miaka miwili, si lazima yeye awe ameanza. Inatosha awe na 62. Hapunguziwi chochote, wala mkewe mpya. Kwa hiyo anayefikiria kuachana akiwa na miaka tisa na nusu ya ndoa aitazame kalenda kabla ya kwenda kwa wakili.

Na ndoa zetu? Ofisi hufuata sheria ya jimbo mnakoishi. Ndoa ya kimila au nikahi iliyo halali kule ilikofungwa kwa kawaida inatambuliwa, lakini utaulizwa karatasi. Kwa Tanzania tafuta cheti kilichosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kwa Kenya, cha msajili wa ndoa. Mke wa pili wakati wa kwanza bado yupo kwa kawaida hatambuliwi, hata kama nyumbani ndoa zote mbili ni halali. Ni bora wahusika walijue hilo wakiwa hai wote.

Wazee wenye watoto wadogo, nao si wachache kwetu, wana hesabu tofauti. Mstaafu mwenye mtoto chini ya miaka 18 anamfungulia mtoto fao la mpaka nusu ya kiasi cha msingi, na mama anayemlea mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kulipwa akiwa na umri wowote, ingawa kuna kikomo cha familia nzima. Hapo kuanza mapema kunaweza kuishinda 70.

Hatua ya 6: Atakayebaki

Mmoja akifariki, cheki mbili zinakuwa moja, ile kubwa. Rudi kwa mzee wetu. Akisubiri mpaka 70 kisha akafa, mjane aliyefika umri wake kamili anarithi 2,480. Akianza na 62, mjane anapata kile mzee alichokuwa akipokea au asilimia 82.5 ya kiasi cha msingi, kilicho kikubwa: hapa ni 1,650. Tofauti ni dola 830 kila mwezi, pengine kwa miaka ishirini, kwa sababu wake wengi ni wadogo kwa waume zao na huishi zaidi. Hata mzee akifa na 69 kabla ya kuomba, nyongeza alizokwisha kusubiri zinamfuata mjane.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa wanandoa wengi ni huu: mwenye kipato kikubwa asubiri awezavyo, na mwenye kidogo aanze mapema ikiwa nyumba inahitaji fedha.

Fao la mjane au mgane linaanzia miaka 60 kwa asilimia 71.5 na kufikia 100 kwenye umri kamili. Ndoa iwe ilidumu angalau miezi tisa. Ukiolewa tena baada ya miaka 60 hulipotezi. Na hapa ile mbinu iliyofungwa kwa wanandoa bado iko wazi: mjane mwenye krediti zake anaweza kuchukua fao la mjane na 60, aache lake likue mpaka 70, kisha ahamie lake; au kinyume chake. Fomu iandikwe wazi kwamba unaomba fao la mjane peke yake.

Hatua ya 7: Mwenza yuko wapi, na nyinyi mtazeekea wapi

Raia wa Marekani analipwa karibu popote duniani, Mombasa au Bujumbura. Asiye raia husimamishiwa malipo baada ya miezi sita kamili ya kalenda akiwa nje, isipokuwa nchi yake ina msamaha. Kwa raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi, mfanyakazi mwenye krediti 40 au aliyeishi Marekani miaka kumi anaendelea kulipwa. Kila nchi ina fungu lake, na kwenye ssa.gov kuna kipimo cha mtandaoni kinachouliza uraia wako na nchi unayokwenda, kisha kinakujibu.

Kwa mwenza asiye raia liko sharti zito zaidi. Ili alipwe akiwa nje, lazima awe ameishi Marekani angalau miaka mitano akiwa katika ndoa hiyo. Sharti hili linahusu fao la mwenza na la mjane pia. Mzee anaweza kufanya kazi Minneapolis miaka thelathini, akatuma fedha kila mwezi, akafa, na mama aliyeko Morogoro ambaye hakuwahi kuishi huku asipate hata senti. Kwa familia ya namna hiyo, kusubiri mpaka 70 kwa ajili ya mjane kunaweza kukosa maana kabisa. Kama mnakusudia mama aje, aje mapema miaka mitano itimie, au achukue uraia. Kama hatakuja, mzee anunue bima ya maisha au aweke akiba kwa njia nyingine.

Asiye raia ambaye hahesabiwi tena mkaazi wa Marekani kwa kodi hukatwa asilimia 25.5 ya kila malipo. Hilo peke yake limewafanya wengi waombe uraia kabla ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 8: Kazi na Medicare

Ukichukua kabla ya umri kamili huku ukifanya kazi, mwaka 2025 kila dola mbili zilizozidi 23,400 zilikuzuilia dola moja ya mafao. Mwenye mshahara wa 43,400 alizuiliwa 10,000, na fao la mwenza linalotoka kwenye rekodi yake linaguswa pia. Fedha hizo hazijapotea, kwani ukifika umri kamili wanakokotoa upya na kukuongezea. Lakini kama bado una mshahara kamili, sioni faida ya kuomba na 62.

Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haifuati tarehe uliyochagua. Inaanza na 65, na dirisha la kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi huo wenyewe, na mitatu baadaye. Ukichelewa sehemu B, ile ya madaktari, bila kuwa na bima ya kazini, yako au ya mwenza aliye kazini, unaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12, na nyongeza haiondoki. Sehemu A, ile ya hospitali, haina malipo ya mwezi kwa mwenye krediti 40 au ambaye mwenza wake anazo. Nje ya Marekani Medicare kwa kawaida hailipi hospitali, na wanaohamia nyumbani hupima kama waendelee kulipa ada ya mwezi ya sehemu B (dola 185 mwaka 2025) au wakubali adhabu wakirudi.

Hatua ya 9: Kuomba

Unaweza kuomba miezi minne kabla. Fao la uzeeni na la mwenza linaombwa mtandaoni, kwa simu 1-800-772-1213 au ofisini. La mjane ni kwa simu au ofisini. Mkalimani ni haki yako na ni bure, usimtumie mjukuu. Andaa cheti cha kuzaliwa, cha uraia au kadi ya ukaazi, cha ndoa au talaka, W-2 ya mwaka uliopita na namba za benki. Wanataka vyeti halisi au nakala zilizothibitishwa na ofisi iliyovitoa. Fotokopi iliyogongwa muhuri wa wakili haitoshi.

Mtego mmoja kwa waliovuka umri kamili: utaulizwa kama unataka malipo ya miezi sita ya nyuma kwa mkupuo. Ukikubali, tarehe yako ya kuanza inarudi nyuma miezi sita na unapoteza asilimia 4 ya kiasi cha msingi kwa maisha yako yote, na mjane pia. Kataa, isipokuwa ugonjwa umebadilisha hesabu.

Ukijuta, una miezi 12 ya kufuta ombi kwa fomu SSA-521, mara moja tu maishani, na unarudisha kila kilicholipwa pamoja na cha mwenza. Ukifika umri kamili unaweza badala yake kusimamisha malipo na kuvuna ile asilimia 8 mpaka 70, lakini fao la mwenza nalo linasimama.

Malipo huja mwezi unaofuata, Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne kulingana na tarehe ya kuzaliwa. Anayeishi nje hutumiwa dodoso la SSA-7162 kuthibitisha kwamba yu hai na anuani haijabadilika. Lisiporudi malipo husimama, na huchukua muda kuyafufua, kwa hiyo wape anuani ya sanduku la posta la mtu anayelifungua kila wiki.